Nilifundisha ugavi kwa vizibo vya soda, nikajikuta katikati ya ugomvi wa dada na mdogo wake wa biashara ya unga

Wakuu, salaam kutoka mashariki ya Uganda.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Miaka yote nakula nyuzi za watu, nacheka, naondoka bila hata kugonga like. Leo na mimi nimebeba changu. Chumvi sikutia. Iliyomo waliitia wahusika wenyewe, na mtaionja.

Nijitambulishe kwanza.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha somo la ugavi, ile wasomi wanaiita supply chain, kwenye chuo kidogo cha binafsi hapa Jinja. Kwetu ni Malukhu, Mbale, na mama bado yuko huko.

Nyie wa Dar na Mombasa mtanisamehe Kiswahili kikiyumba. Huku kwetu ukianza kuongea Kiswahili barabarani, wazee wengine bado wanakuangalia kama umekuja kuwakamata, maana zamani kilikuwa lugha ya wanajeshi. Sisi wa familia za sokoni, za msikitini, ndio tunakiongea kwa raha. Mimi nilikinyonya kwa mama, mtu wa upande wa Kenya.

Haya, tuingie.

Ugavi kwa ufupi: ni ile safari ya kitu kutoka kinapotengenezwa hadi kinapomfikia mnunuzi. Unga unatoka kwenye mashine ya kusaga, unaenda kwa ajenti, unaenda stoo ya jumla, unaenda dukani, unaingia kwenye sufuria yako. Kila mmoja hapo katikati anaagiza kwa mwenzake na kusubiri.

Linaonekana somo jepesi. Jaribu kulifundisha saa za jioni kwa watu waliotoka kazini.

Darasa langu ni la watu wazima. Nina afande mmoja, Odong, mtu wa kaskazini, mkubwa kama mlango, kazi yake ni kutunza stoo ya chakula ya magereza. Nina dada mmoja, Nakirya, ana duka la dawa Main Street. Nina Hamisi, mfanyabiashara wa Buwenge, ana mashine ya kusaga mahindi. Na wengine kadhaa.

Wanakuja na njaa na mavumbi. Mimi nawasha projekta, naonyesha mishale. Mshale kutoka hapa kwenda pale. Afande Odong alikuwa analala macho wazi. Sijui magereza wanafundishwa vipi hiyo, lakini alikuwa anaweza.

Sasa, kuna semina niliwahi kwenda Kampala. Huko walituchezesha gemu la kuigiza biashara kwenye kompyuta. Watu wanne, kila mmoja anashika kituo chake, mnaagiziana bidhaa wiki baada ya wiki. Nilitoka pale kichwa kinawaka moto. Nikasema hili lazima lifike Jinja.

Tatizo: kompyuta za chuo chetu ziko chache, intaneti inakuja ikijisikia, na umeme ndio hivyo tena.

Nikajiuliza, kwani gemu ni kompyuta? Gemu ni sheria tu.

Nikaenda kwa mama mmoja mwenye baa ya soda na chapati karibu na stendi, nikamwomba vizibo. Akaniangalia.

"Mwalimu, unafungua kiwanda?"

"Nafungua darasa."

Akanijazia mfuko mzima wa plastiki, kaveera tunaita huku, bure, na chapati juu.

Wakuu, hapa nawaeleza sheria zangu, maana bila hizo hamtaonja utamu.

Unapanga meza nne kwa mstari, kila mstari timu moja. Meza ya kwanza ni duka. Ya pili ni stoo ya jumla. Ya tatu ni ajenti mwenye lori. Ya nne ni mashine ya kusaga. Kizibo kimoja ni gunia moja la unga.

Wateja ni kadi. Mwenye duka anafunua kadi moja kila wiki ya gemu, anaona wateja wanataka magunia mangapi. Yeye peke yake ndiye anaiona. Kisha anaandika oda kwenye kikaratasi, anampa wa jumla. Wa jumla anaandika yake, anampa ajenti. Ajenti anaipa mashine.

Mzigo hauji papo hapo. Ukiagiza leo, oda inatembea na lori linatembea. Unasubiri.

Gunia likilala kwenye stoo yako, unakula adhabu ya punje moja ya maharage. Mteja akikosa unga, punje mbili. Timu yenye maharage machache ndiyo imeshinda.

Na sheria kubwa kuliko zote: hakuna kuongea. Unapitisha kikaratasi tu, mdomo umefungwa.

Basi.

Jioni ile nilipomwaga vizibo mezani, Afande Odong alifungua jicho la pili.

"Mwalimu, hii ni nini? Sisi ni watoto?"

"Afande, kaa pale kwenye stoo ya jumla. Nakirya kaa dukani. Hamisi, wewe una mashine kweli, kaa kwenye mashine."

Kwa ajenti nikamweka mwenzao mmoja. Wiki za mwanzo shwari kabisa. Oda ndogo, vizibo vinapita, watu wanatabasamu. Odong akaanza kuniangalia kama nimempotezea jioni yake.

Halafu kadi moja ikaja na wateja wengi kidogo.

Nakirya akaona rafu yake inapungua. Akaongeza oda. Odong akaona oda imepanda, naye stoo yake inapungua, akaongeza juu ya nyongeza. Ajenti naye akaongeza juu ya hiyo. Oda ilipofika kwa Hamisi kwenye mashine, ilikuwa imevimba kama chura.

Mzigo haujafika, maana lori bado liko njiani. Rafu ziko tupu. Maharage yanamiminika. Nakirya anapanik, anaagiza tena, zaidi!

Odong akasimama. Mtu mzima, na cheo chake, akapiga meza.

"Hii watu ya juu hawaleti chakula! Mimi nina watu hapa wanangoja! Nani iko pale juu analala?"

"Afande, hakuna kuongea," nikamwambia.

"Mimi siongei! Mimi nalia!"

Darasa likalipuka. Watu wa meza nyingine wamesimama juu ya viti, kila mtu analaumu wenzake wa timu. Mkuu wa chuo alikuja mbio kutoka ofisini akidhani kuna watu wanapigana. Alipofungua mlango akamkuta afande amekumbatia vizibo kama mtu aliyenusurika mafuriko.

Maana sasa mzigo ulikuwa umefika. Wote. Kwa mkupuo. Zile oda zote za hofu zikashuka pamoja, stoo zikajaa mpaka vizibo vinaanguka sakafuni. Na kila mtu akaacha kuagiza. Kikaratasi baada ya kikaratasi: sifuri, sifuri, sifuri. Hamisi kule kwenye mashine amebaki na mlima wa unga na hakuna anayeutaka.

Nikasimamisha gemu.

"Haya, kila mtu aniambie. Mnadhani wateja walifanya nini?"

"Walipanda sana, kisha wakakimbia wote," akasema ajenti.

"Walikuwa wanapanda na kushuka kama wendawazimu," akasema Odong.

Nikamwambia Nakirya afunue kadi zote mezani.

Nne. Nne. Nne. Kisha nane. Nane, nane, nane, mpaka mwisho.

Wateja walibadilika mara moja tu, wakatulia. Kichaa chote kile, mafuriko yote yale, tulikitengeneza sisi wenyewe. Kila mmoja aliongeza hofu yake kidogo na kumpitishia mwenzake.

Odong alishika kadi ile ya mwisho akaigeuza nyuma na mbele. "Banange," akasema. Mtu wa kaskazini, lakini Jinja imemfundisha kushangaa kama wenyeji.

Nakwambieni mkuu wa chuo mwenyewe alivuta kiti akasema tucheze tena.

Nilifurahi siwezi kueleza. Miaka yote mishale, mishale, na jioni moja ya vizibo imefanya kazi ambayo mishale haikuweza.

Katika furaha ile ndipo nikagundua Hamisi hayupo.

Nilimkuta verandani, amesimama anaangalia barabara. Nikadhani amekasirika kwa kushindwa.

"Hamisi, ni gemu tu, ndugu yangu."

"Mwalimu," akasema, "hicho ulichotuonyesha ndicho kilichonitenga na dada yangu."

Wakuu, naomba mkae vizuri hapa.

Hamisi na dada yake mkubwa walikuwa na biashara moja. Hamisi anasaga Buwenge. Dada yake, Hajat Sauda, ana stoo ya unga Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, anauzia maduka na shule. Walikuwa wanaelewana kama pumzi na pua. Baba yao aliwaachia biashara hiyo, na Hajat ndiye aliyemlea Hamisi.

Msimu mmoja shule zilipofunguliwa, unga ukaanza kutoka haraka kule Nakaloke. Hajat akaagiza. Mzigo ukachelewa, mvua, barabara. Akaagiza mara mbili ili apate angalau nusu. Hamisi akaona oda zimeruka, akajua Mbale kumekuwa na soko la ajabu. Akanunua mahindi kila kona ya Busoga, mkoa wetu wa huku, mashine hailali.

Unga ukaanza kufika. Wa jana, wa juzi, wote pamoja. Stoo ya Hajat ikajaa hadi mlangoni. Akaacha kuagiza, akaacha na kupokea simu. Hamisi naye akamsukumia ule uliobaki, maana aupeleke wapi?

Unga ulikaa. Mvua ikaingia. Ukaganda mabonge, ukaota wadudu, wateja wakaurudisha.

Hajat akasema Hamisi amemtupia unga mbovu. Hamisi akasema Hajat alimwagizia makusudi kisha akamkimbia.

Kisha ikaja arusi ya mtoto wa ndugu yao. Mbele ya watu, sahani mkononi, Hajat akasema: "Mdogo wangu niliyemlisha kwa mkono wangu ananiuzia wadudu."

Hamisi aliweka sahani chini akaondoka. Tangu siku ile hawajaongea. Kukiwa na msiba, mmoja anakuja asubuhi, mwingine mchana. Mama yao mzee, yuko kwa Hajat, akitaka kumwona mwanawe inabidi apelekwe kwa jirani.

"Mimi nilijua amenifanyia ubaya," Hamisi akaniambia. "Leo nimekaa kwenye kile kiti chako na Nakirya, msichana ambaye tumejuana darasani tu, amenifanyia vilevile. Nakirya ana ubaya gani na mimi?"

Akageuka kutoka barabarani, akanitazama.

"Mwalimu, gemu hili linaweza kwenda Nakaloke?"

Kuna mkuu ameshaniuliza faragha, kwenye PM, nilipodokeza kisa hiki kwenye uzi mwingine, kwamba mimi mwalimu nilitafuta nini kwenye mambo ya familia za watu. Swali zuri. Hata mimi nilijiuliza usiku huo na kesho yake. Lakini Hajat namfahamu. Mama yangu hununua unga kwake. Na mtu mzima alikuwa ameniomba kwa macho mekundu. Nikakubali, kwa sharti moja: hatumtegi. Lazima ajue kila kitu kabla.

Nikampigia simu.

"Shikamoo Hajat."

"Marahaba. Mtoto wa Mama Twaha? Kuna nini?"

Nikamweleza. Kuna mafunzo, ni gemu la biashara ya unga, nataka nilifanyie kwenye stoo yake, na Hamisi atakuwepo.

Nikasikia akimwambia mteja asubiri. Kisha akarudi kwenye simu.

"Na aje," akasema. "Stoo ni ya baba yetu, siwezi kumfungia. Lakini mimi sitasema naye neno."

"Hajat," nikamwambia, "gemu lenyewe linakataza kuongea."

Akacheka kidogo puani. Nikajua mlango una ufa.

Afande Odong aliposikia akasema, "Mimi nakuja. Nina siku yangu ya kupumzika. Hii vita siwezi kukosa." Basi tukaenda watatu Jumamosi, mimi, Hamisi na Odong, na mfuko wa vizibo. Barabara yote ya Tirinyi hadi Mbale Hamisi hakusema kitu. Odong alisema kwa niaba ya wote.

Hajat Sauda ni mwanamke mrefu, wa hijabu nyeupe, sauti ya kuamrisha. Alitusalimia mimi na Odong, akampita Hamisi kama nguzo. Hamisi akasema, "Shikamoo dada." Hajat akajibu, "Marahaba," huku anaangalia ukuta. Salamu ni dini, wakuu, hakuna ugomvi unaoizuia.

Tukapanga mbao juu ya magunia, zikawa meza zetu. Pale stoo kuna dada anaitwa Namono, muuzaji wa Hajat, mtu wa mlimani, mcheshi. Nikamweka kwenye stoo ya jumla. Odong nikamweka kwenye lori. Hamisi nikamweka mwanzo kabisa, dukani.

Na Hajat nikamweka mwisho. Kwenye mashine.

Hajat akanitazama. Alielewa. Angeweza kusema hapana. Akavuta kigoda akakaa.

Tukaanza.

Wiki za mwanzo, nne nne nne, shwari. Odong ananikonyeza. Mimi naogopa, maana gemu likienda vibaya naharibu mabaki ya familia ya watu, kisha mama yangu Malukhu atakosa pa kununua unga!

Kadi ya nane ikatoka. Hamisi akaiona. Rafu yake ikaanza kupungua.

Nilimwangalia. Huyu mtu alishacheza. Anajua kabisa kwamba hofu ndiyo inayoharibu. Nikaona kalamu yake imesita juu ya kikaratasi. Kisha akaandika, na nilipochungulia, ameagiza mara mbili.

Namono akaongeza. Odong akaongeza. Kikaratasi kikafika kwa Hajat.

Akakisoma. Akakisogeza mbali kama mtu asiyeamini miwani yake.

"Afande, wewe unalisha jeshi zima?"

"Hajat, mimi natuma ile nimeletewa," akasema Odong. "Mimi ni mtu ya katikati tu."

"Hakuna kuongea jamani," nikakumbusha.

Hajat akaanza kusaga. Anasukuma vizibo kwenye lori kwa mikono miwili. Oda inayofuata kubwa zaidi. Anasukuma. Jasho linamtoka, nakwambieni, jasho la kweli kwa vizibo vya soda. Anapata raha ya biashara, anaona soko limechanua.

Halafu kikaratasi kikaja: sifuri.

Akakigeuza. Akaangalia nyuma yake.

Kingine: sifuri.

Vizibo vimejaa mbele yake, punje za maharage zinapangwa upande wa adhabu, moja moja, Namono anazihesabu kwa huruma. Sifuri tena. Hajat akasimama.

"Sasa huu unga niupeleke wapi? Nimesaga, nimepakia, nyote mmekufa? Mbona hamnipigii hata simu mseme hamtaki?"

Namono akaacha kuhesabu maharage.

Kutoka mwanzo wa mstari, Hamisi akasema polepole, "Dada, hilo ndilo swali nililokuwa nakuuliza, hukupokea."

"Hakuna kuongea!" Odong akafoka, kwa mazoea ya kazi. Kisha akaona nyuso zetu, akajifunika mdomo kwa mkono ule mkubwa kama sinia.

Hajat hakumjibu mdogo wake. Akaniambia mimi, "Mwalimu, fungua hizo kadi."

Nikafungua. Akaja mwenyewe hadi meza ya duka, akainama, akazifuata kwa kidole.

"Nane tu?"

"Nane tu, Hajat."

"Mwisho hadi mwanzo, hakuna aliyetaka zaidi ya nane?"

"Hakuna."

"Sasa ule mlima pale kwangu nani kauagiza?"

Hamisi akasema, "Mimi nilianza. Rafu ilikuwa tupu nikaogopa. Dada, mimi gemu hili nimelicheza Jinja. Najua linavyokwenda. Na bado nilipoona watu wangu wanakosa, niliagiza mara mbili. Kama ulivyofanya wewe."

Wakuu, mimi nimefundisha, nimesoma vitabu, nimekaa kwenye semina za hoteli. Sijawahi kusikia mtu akielezea ugavi hivyo.

Hajat alikaa juu ya gunia. Namono akaanza kukusanya vizibo ili mikono yake iwe na kazi.

Nilisubiri machozi au matusi. Havikuja.

"Namono, weka chai," Hajat akasema. Kisha akashika kigoda chake, akakibeba kutoka mwisho wa mstari, akakiweka kando ya kiti cha Hamisi. "Tucheze tena. Safari hii tunaongea."

Jamani!

Raundi ya pili sikuweza kuitawala. Hamisi anafunua kadi anaisoma kwa sauti mpaka barabarani wanasikia. "Nane, dada! Wamechukua nane!" Hajat anajibu, "Nimesikia nane, nasaga nane na akiba kidogo!" Odong anapiga honi ya lori kwa mdomo. Namono anacheza. Watu wa maduka ya jirani wakaja kujaa mlangoni, mzee mmoja akauliza kama kuna mpira kwenye redio.

Maharage ya adhabu yalikuwa konzi moja tu. Mara ya kwanza tulijaza bakuli.

Lakini angalieni jambo hili, maana ndilo wengi wanalikosa. Hata tulipoongea, kuna wiki duka lilipungukiwa. Hajat akaona, akasema, "Kumbe hata tukipatana, lori halikimbii."

"Halikimbii," nikamwambia. "Barabara itabaki barabara. Kinachoondoka ni lawama."

Akanywa chai. Halafu bila kumwangalia mtu akasema, "Siku ya arusi nilisema neno baya. Mbele za watu. Wale wadudu hawakuwa wako."

Hamisi alikuwa na kizibo mkononi, anakizungusha. "Walikuwa wangu pia, dada. Niliuona unga umekaa sana kwangu, nikaupakia nikanyamaza."

"Nilijua."

"Nilijua unajua."

Basi. Hawakukumbatiana. Sisi huku si watu wa kukumbatiana ovyo. Hajat alisema tu, "Mama yuko ndani, ameshasikia sauti yako. Usimwache anangoja." Hamisi akaenda. Afande Odong akageukia ukuta, akawa anasoma karatasi ya gunia kwa makini sana, kitu ambacho kilikuwa kimeandikwa neno moja tu, UNGA.

Nilirudi Jinja kesho yake nahisi nimeota.

Sasa hali ikoje?

Biashara imerudi, lakini si kwa mkupuo. Walianza na mzigo mdogo wa kujaribu. Kila Ijumaa baada ya swala Hajat anamtumia Hamisi ujumbe wa sauti: si oda, wakuu, mauzo. Wateja wamechukua kiasi gani wiki hii, stooni kimebaki nini, shule zinafunguliwa lini. Hamisi naye anamwambia mashine inasaga kwa kasi gani na lori liko wapi. Bado wanagombana. Nimesikia kwa masikio yangu Hajat akimwambia, "Ujumbe wangu unausikiliza au unautumia kulalia?" Lakini wanagombana kwenye simu, na simu inapokelewa.

Afande Odong amewachezesha wenzake wa stoo. Ananiambia mmoja alitaka kumpiga mwenzake kwa oda ya maharage ya kuigiza, na wote wakaelewa.

Na chuoni mkuu wetu ameliweka gemu kwenye ratiba rasmi. Mishale bado naonyesha, lakini naonyesha baadaye, watu wakishakasirika. Hapo mshale unaeleweka!

Hivi karibuni wafanyabiashara wa Buwenge waliomba nao wachezeshwe siku ya soko, pale uwanjani kwenye mashine ya Hamisi. Nilichelewa Jinja kwa sababu ya kazi. Nilipofika nikakuta watu wamesharundikana, na katikati amesimama Hajat Sauda, ametoka Nakaloke kwa safari yake mwenyewe, hijabu nyeupe ina vumbi la unga, anagawa vizibo.

Kijana mmoja mnunuzi wa mahindi alikuwa anabisha, anasema yeye tatizo lake analijua, ni watu wa Mbale, wezi wote.

Hajat akamvutia kiti. "Kaa hapa," akamwambia. "Leo wewe ndiye Mbale."

Wakuu, funzo langu ni hilo, wala sina la kuongeza kwa Kiingereza cha chuoni. Kwenye mnyororo wowote, wa unga, wa dawa, wa simiti, tunaona kikaratasi tu, hatumwoni aliyekiandika wala hofu aliyoandikia. Tunamwita mwizi mtu ambaye labda aliogopa tu kama sisi. Mwambie mwenzako unachouza kweli, si unachoogopa. Na kama wewe ni mwalimu, usingoje kompyuta. Vizibo viko kila mtaa.

Wenye biashara humu, hebu semeni: nyie mmekalia kiti kipi, na ni nani mnayemlaumu kila mzigo ukichelewa? Na walimu wenzangu, mnachezesha nini darasani? Wanaobisha nao waje, chai ipo.